Fine Isiyo na Ila

Mwanangu Neema,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua utasoma polepole, kidole kikifuata mstari kama ulivyokuwa ukisoma Zaburi ulipokuwa mdogo, na najua utanuna. Lakini kwa Kiingereza umenishinda. Kwa Kiingereza una neno moja tu la kunijibu, na neno hilo nimelichoka, mwanangu. Nimelichoka kabisa.

Nimewaomba wanaotunza ukurasa wa ushirika wetu wa kanisa waiweke barua hii hapo, kwa sababu nikikutumia kwenye simu najua nitajibiwa nini. Neema ni jina la nyumbani tu, na la yule kijana nimelibadilisha, kwa hiyo wasiokufahamu hawatakufahamu. Wanaokufahamu walishayajua yote kabla yangu. Hilo nalo linaniuma, nitalifikia.

Neno lenyewe nililijua kabla sijapanda ndege. Kule Muheza lilikuwa faini. Ng'ombe wako akila mahindi ya jirani, faini. Ukichelewa kulipia meza yako sokoni, faini. Kwa hiyo nilipofika London, baba yako akawa ananifundisha kujibu salamu za majirani, akasema wakiniuliza how are you niseme I'm fine, nilikataa. Nilimwambia, "Mimi nimekosa nini hata nijiite faini?" Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Wewe ulikuwa bado tumboni. Hadithi hiyo ulikuwa ukiniomba niirudie kila Krismasi, na baba yako ndiye aliyekuwa anaiigiza, mpaka Krismasi ile tuliyobaki mimi na wewe tu, hakuna aliyeitaka.

Nyingine nilifunzwa dukani, Kingsbury Road, na yule mzee Mhindi aliyezaliwa Mombasa. Nilitaka unga wa ugali. Akaniuliza, "Mama, wewe nataka fine ama coarse?" Nikasimama pale kama nimeulizwa swali la mtihani. Akafungua mifuko miwili, akanitia unga kiganjani. "Fine hii, iko laini. Hii ingine iko chengachenga." Wewe ulikuwa umeanza shule, ukausikia mfuko wa fine ukitajwa, ukamwambia yule mzee kwa Kiingereza chako cha darasani kwamba unga hauumwi. Akakupa pipi. Nikaenda nyumbani najua kwamba fine ni kitu kilichosagwa mpaka hakibaki na chembe unayoweza kuishika kwa vidole. Siku hizi ndipo ninapoielewa vizuri maana hiyo.

Halafu kazini. Nilikuwa namkaribisha chai msichana mmoja tuliyekuwa zamu moja naye, anasema, "I'm fine, thanks." Mimi nasikia ananiambia ni mzima, nimshukuru Mungu, basi namimina. Anakunywa. Kesho namkaribisha, ni mzima, namimina, anakunywa. Mpaka siku nilipokusimulia, ukashika kichwa.

"Mum, that means no!"

"Sasa kwa nini asiseme no?"

"Because it's rude."

"Na kunywa chai ya mtu huku huitaki, hiyo si rude?"

"She was being nice! You basically forced her!"

Nilimwomba radhi yule msichana. Unajua alinijibu nini? Akasema, "Oh no, it's fine."

Na yule bibi wa kwanza niliyepewa kumhudumia, unamkumbuka? Nilifungua mlango asubuhi moja nikamkuta kakaa sakafuni jikoni, mguu umekunjika chini yake, paka yuko mapajani. "I'm fine, dear," ananiambia. "Just having a little sit." Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikuwa pale tangu usiku na bado ananiuliza kama nimepata basi kwa urahisi. Nikakusimulia jioni, ukasema, "That's so English," tukacheka. Tulicheka wote wawili, Neema. Wewe uliyekuwa unamcheka, leo uko sakafuni, na unaniambia unapumzika kidogo.

Sasa nije kwa Espoir. Namwita hivyo.

Siku niliyomsikia mara ya kwanza mlikuwa sebuleni, wewe na rafiki yako mliyesoma naye, mnaangalia picha kwenye simu. Nikapita na kikapu cha nguo. Rafiki yako akasema, "Aunty, come and see Neema's man. He's FINE!" Nikaweka kikapu chini, nikasema, "Ashukuriwe Mungu. Kwani alikuwa anaumwa?" Nilikuwa sitanii. Mlianguka kutoka kwenye kochi, kumbe mlikuwa mnasema ni mzuri wa sura. Mkawa kila akitajwa mnasema amepata nafuu. Hata yeye ulimwambia, maana siku uliyomleta nyumbani, alipomaliza kunishika mikono, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Goma, "Mama, nimekuja. Nilishapona."

Nilimpenda siku ile ile, sitaki kukudanganya. Alikula ugali kwa mkono, akasema, "Mama, chakula iko muzuri sana," akaosha vyombo bila kutumwa. Mimi na yeye tukawa tunaongea jikoni, anachekea Kiswahili changu, nachekea chake, wewe umekaa hapo kaunta unatujibu wote kwa Kiingereza. Tangu baba yako atutoke, nyumba hii haikuwa na mtu wa kunirudishia neno kwa lugha yangu. Nilimwambia Mungu asante. Nilimwambia kwa sauti, na ndiyo pengine kosa lilikoanzia, kwa sababu nilifurahi kwa kelele mno.

Wajomba zake wakaja na posa, wakakaa hapa, tukaelewana. Kina mama wa ushirika wakashika mambo. Unawajua walivyo. Kabla chai haijapoa walishagawana kazi, nani kitchen party, nani chakula, nani sare. Mimi nikapewa kitambaa cha sare, kwa vile nayajua maduka ya vitambaa ya Wahindi huko Southall. Na kila jioni nakupigia.

"Ukumbi vipi?"

"It's fine, Mum."

"Gauni?"

"Fine."

"Umesikia rangi waliyoichagua kina mama? Ya zambarau. Unaonaje?"

"Yeah, that's fine."

"Espoir hajambo?"

"He's fine."

Nimekaa na majibu hayo, nimeyapindua huku na huku, na naona hukusema uongo hata mara moja. Ukumbi ulikuwa mzima, uko pale pale ulipojengwa. Gauni lilikuwa zima, limetundikwa dukani kwa watu. Rangi haina ubaya. Na Espoir alikuwa mzima wa afya njema, anakula, analala, anakwenda kazini. Tatizo ni kwamba hakuwa wako tena. Nani anaweza kumkamata mtu kwa lugha ya namna hiyo?

Jumamosi nikaenda Southall. Nikachagua lesi, nzuri, siyo ile inayokwaruza shingo. Nikabeba mifuko mpaka stesheni, na nani namwona amesimama karibu na ngazi? Nikaita mbele ya watu wote, "Mkwe wangu!" Wahindi wakageuka. Akaja, akainama kunisalimia.

"Mama Neema! Unabeba nini hii yote?"

"Si mali zenu hizi! Sare ya kina mama. Pokea basi, unaniangalia nakatika mikono?"

Akapokea. Akaangalia ndani ya mfuko, akaona zambarau. Akaufunga haraka. Nikamwuliza kama tumbo linamuuma.

"Mama," akasema, "Neema hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Tulishaachana, Mama. Ni siku mingi sasa. Nilizani unajua."

Neema, nakuapia, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba sijaelewa Kiswahili cha Kongo. Nikamwambia, "Sema tena, mwanangu, taratibu." Akarudia. Machozi yamemlenga. Akanibebea mifuko mpaka kwenye jukwaa la treni, kwa sababu malezi anayo, akasema, "Unisamehe, Mama." Na mimi, niliyetakiwa kufarijiwa, nikampigapiga begani, nikasema, "It's fine, mwanangu. It's fine." Lilinitoka lenyewe. Nililisikia kinywani mwangu kama meno ya mtu mwingine.

Alipoondoka nikakupigia. Uliniambia uko kazini. Nikakuuliza unaendeleaje, ukasema fine. Nikakuuliza Espoir hajambo.

"He's fine, Mum. Why?"

"Najua hajambo. Nimeachana naye sasa hivi hapa Southall."

Nikasikia pumzi yako. Nikasema, "Neema, mama, zungumza na mimi." Halafu ukasema, "Fine!" na simu ikakatika. Ile nayo ni maana nyingine. Hiyo naijua tangu ulipokuwa na miaka ya kupiga milango.

Nikapanda treni. Ile treni, unajua mwenyewe, ingenifikisha Woolwich kwako bila kubadilisha. Nilikuwa nimekaa na mifuko mapajani, nimeshapanga cha kusema mlangoni, nimepanga hata kwamba sitasema, nitapika tu. Hatujafika Paddington ujumbe ukaingia. "I'm fine mum. Pls dont come x." Na ile alama ya busu mwisho. Nikashuka Paddington. Watu wananipita kushoto na kulia, mimi nimesimama na lesi ya zambarau ya kina mama, sijui nirudi nyumbani au nije. Nikarudi. Mpaka leo sijui kama nilikuheshimu au niliogopa.

Nilimpelekea Mama Upendo, mkuu wa sare, kitambaa chake, nikamweleza. Akaniangalia kwa huruma, na mimi huruma yake nikaisoma vibaya, nikadhani ndiyo kwanza anasikia. Kumbe binti yake alimwambia zamani. Ndiyo maana kila nikisema tukashone alikuwa anasema, "Tusubiri kidogo, Mama Neema, mafundi wamejaa." Mafundi wamejaa! London nzima hii! Nikamwuliza kwa nini amenificha. Akasema, "Habari ya mtoto wa mtu, dada, niitoe mimi? Nilingoja mwenyewe akuambie." Hakukosea. Lakini nilirudi nyumbani nimenuna na huo mfuko wangu, kakataa kuupokea, anasema nikae nao kwanza.

Tangu siku hiyo nimekuandikia mara ngapi? Umekula? Fine. Unalala? Fine. Nani alimwacha mwenzake? Hapo hujibu kabisa, halafu kesho yake unanitumia picha ya paka wa jirani. Kanisani wananiuliza, "Neema hajambo?" Nasema hajambo. Natabasamu. Nikiingia chumbani nikapiga magoti, nikafungua kinywa, najikuta sina cha kusema. Nimwombe Mungu nini? "Bwana, Neema yuko fine"? Si atanishangaa? Atasema, "Sasa mama, kama ni hivyo, umenipigia magoti ya nini?" Najua yeye anajua yote. Lakini mimi ni mama, ninaomba kwa majina na kwa sehemu za mwili. Nikijua kichwa, naombea kichwa. Nikijua moyo, naombea moyo. Wewe umenipa unga laini, haushikiki.

Nilikuwa naosha vyombo juzi nikakumbuka simu za mama mdogo wako. Zile za Jumapili, natega simu kwenye chupa ya mafuta, sauti imefunguliwa, wewe unafanya kazi za shule mezani. Siku moja tulikuwa tunaendelea kama kawaida.

"Habari za huko, dada?"

"Nzuri. Za kwenu?"

"Nzuri tu."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na mvua?"

"Zinanyesha, tunamshukuru Mungu." Akavuta pumzi. "Ila babu ndiyo hivyo tena. Tumemzika jana."

Ukaangusha kalamu. Baada ya kilio, baada ya majirani, usiku nakufunika, ukaniuliza kwa hasira, "Why did she say nzuri? Someone was dead!"

Nikakuambia alikuwa ananipa nafasi nikae.

"You were already sitting."

"Nilikuwa nimekaa mwili tu."

Ukasema bado ni uongo. Sikuwa na maneno ya kukueleza, mimi shule yangu unaijua iliishia wapi. Lakini sasa nimeyapata, na imebidi uniumize ndiyo niyapate. Kwetu sisi mtu husema nzuri kwanza, hata kama nyumba imeungua. Sijambo, ila mguu. Salama tu, ila mtoto hajarudi. Hatujambo, ila njaa. Ile nzuri ni ya kumkaribisha mtu tu. Habari yenyewe inakuja na ila. Hakuna mtu kwetu anayesikia nzuri akakata simu. Anasubiri.

Na mimi, Neema, nimekuwa nikisubiri. Miaka yote hii. Unasema, "I'm fine," na mimi nanyamaza, simu iko sikioni, kwa sababu masikio yangu yanajua kuna kitu kinafuata. Ndiyo maana nilikuwa nakaa kimya vile. Wewe ukawa unasema, "Mum? Mum, you there? I think you've frozen." Kumbe mimi ninasubiri ila, na wewe unafikiri ni mtandao. Halafu unasema, "Okay, love you, bye." Wewe umemaliza, mimi ndiyo kwanza ninaanza kusikiliza. Tumeongea hivyo maisha yako yote na hakuna kati yetu aliyejua.

Pengine uliwahi kuileta, hiyo ila. Pengine ilikuwa mdomoni siku ile niliyokuwa nakuelezea zambarau, nami nikaifunika kwa maneno yangu. Kama ni hivyo, niambie. Nitaumia, halafu nitapona.

Sitaki urudiane naye. Sitaki unieleze mbele ya kina mama. Wala siulizi tena nani alimwacha nani, labda uniambie mwenyewe. Ninachotaka ni kujua binti yangu yuko hali gani, siyo hali ya kumjibu jirani kwenye lifti. Mimi si jirani. Nimekuzaa.

Basi nitaanza mimi, kwa vile mimi ndiye mkubwa. Sijambo, mwanangu. Ila Jumapili kwaya ilipokuwa inaimba, sauti ilinikatika katikati, nikajidai nakohoa, na mwenzangu akanipa peremende, ikabidi niinyonye. Ila namkumbuka yule kijana jikoni kwangu, na nikimkumbuka naona kama nakusaliti. Ila nimemkasirikia pia, na hata sijui kama ana kosa. Ila napika chakula cha watu wawili, nakula kimoja, kingine nakiangalia. Ila nina hasira na wewe, Neema, hasira kubwa, na haijanipunguzia hata kidogo hamu ya kukuona.

Umeona? Sijafa kwa kusema. Tena nimepata nafuu kidogo.

Ukinijibu, anza na hilo neno lako kama huwezi kuliacha, sitagomba. Lakini baada yake ongeza ila moja. Iwe ndogo. Iwe ya Kiingereza, wana neno lao la but, nimelisikia mara nyingi, siyo zito kulibeba. Sema, "I'm fine, but," halafu usiogope kitakachofuata. Na nikikaa kimya, usihangaike na mtandao.

Mungu akulinde huko Woolwich, na akulegeze ulimi.

Ni mimi mama yako, ambaye bado hajakata simu.